Aiskrimu ya Sikukuu Niliyoipitisha kwa Ulimi Mfu

Aliyenisoma wiki iliyopita ameshaijua siri ambayo hata mtoto niliyemzaa hakuijua: kwamba homa iliyonilaza majuma matatu, miaka miwili iliyopita, iliondoka na pua yangu. Harufu zote zilikwenda nayo. Ulimi ukabaki na utamu, chumvi, ukali wa ndimu na uchungu, basi. Mengine yote yakawa ubaridi na joto tu.

Nilieleza pia kwamba sikumwambia mtu. Katika duka letu la aiskrimu mimi ndiye mwonjaji. Hakuna ndoo inayotoka kwenye chumba cha baridi kwenda kaunta kabla sijaweka kijiko kinywani, nikafumba macho, nikahesabu hadi kumi, kisha nikachora duara la chaki juu ya kifuniko. Marehemu mume wangu aliuweka utaratibu huo siku tulipofungua duka, nami sikuwahi kuuvunja hata siku moja.

Mmeniuliza niliwezaje kuwadanganya watu miaka miwili mizima.

Nilionja kwa macho. Mkwe wangu, mke wa mwanangu wa pekee, ndiye achanganyaye viungo. Husimama upande wa pili wa meza na kuonja kijiko chake pamoja nami, na uso wake haujui kuficha kitu. Vanila ikizidi, nyusi zinapanda. Maziwa yakianza kuchacha, mdomo unakwenda upande. Ladha ikiwa sawa, anameza na mabega yanashuka. Nilikuwa nikifumba macho nusu, nikamsoma, kisha nikatoa hukumu kwa sauti ya mtu aliyekula chumvi nyingi.

"Mama ana ulimi wa ajabu," alikuwa akiwaambia wateja, na mimi nikiitikia kwa kichwa.

Wiki hii naandika jinsi ulimi huo ulivyoniumbua, na jinsi nilivyokaribia kumwacha mkwe wangu abebe mzigo wangu, hali tayari alikuwa na mwingine tumboni. Ilikuwa mimba ya miezi saba, ya kwanza kushika katika miaka sita ya ndoa yao.

Kila mwisho wa mwaka, sikukuu zikikaribia, sisi hutengeneza aiskrimu ya msimu. Tunaitia mdalasini kwa wingi, tangawizi, ganda la chungwa, karafuu chache, na kungumanga kidogo mno. Huuzwa siku kumi na nne, kisha haionekani tena mpaka mwaka upite. Na kila inapotoka, mtaa mzima hugawanyika.

Wapo wanaoingoja kama barua ya mchumba. Wapo wanaoiona kuwa ni dawa ya meno iliyogandishwa, na wanashangaa jinsi mtu mwenye akili timamu anavyoweza kusimama foleni kwa ajili yake. Kiongozi wa wapenzi ni mkunga mstaafu, rafiki yangu tangu ujana, aliyezalisha nusu ya mtaa huu na ambaye alikuwa akiiangalia mimba ya mkwe wangu. Kiongozi wa wapinzani ni kinyozi ambaye duka lake linatazamana na letu.

Kinyozi alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, kwa hiyo huniita shemeji. Siku ya kwanza ya msimu hununua kikombe kimoja, akakionja mbele ya watu na kukitukana.

"Shemeji, hii si aiskrimu," alisema mwaka jana. "Hili ni kabati la nguo za bibi yangu."

"Kabati la bibi yako lilikuwa safi?"

"Safi sana."

"Basi umenisifu. Mpishe anayefuata."

Watu walivunjika mbavu, na foleni ikarefuka hadi kwenye mlango wake. Ugomvi huo ndio uliokuwa tangazo letu. Sikuwaza hata mara moja kwamba ungetuziba masikio.

Mwaka huu mkwe wangu hakuweza kuvumilia harufu ya viungo vikavu. Akifungua kopo tu, anakimbilia bombani.

"Kaa, binti yangu," nilimwambia. "Makopo nitayajaza mimi."

"Usijisumbue, Mama. Nikijifunga kitambaa puani nitaweza."

"Nimesema kaa."

Akakaa. Katika nyumba yetu neno langu halirudiwi mara tatu.

Hapa sina budi kueleza desturi yetu. Makopo yetu ya viungo yanafanana, na hayana maandishi. Marehemu alikataa kuandika lolote, asije mfanyakazi akahama na mapishi yetu. Alikuwa akisema kwamba mtu anayehitaji karatasi ili atambue mdalasini hana kazi katika duka lake. Kifuniko chekundu ni cha mdalasini. Cha kijani ni cha kungumanga. Muuza viungo naye hutuletea unga uliokwisha kusagwa, katika mifuko miwili ya kaki isiyo na alama, kwa kuwa anajua tutanusa. Mifuko yenyewe hulingana kwa uzito, kwani kungumanga tunaitia katika aiskrimu ya maziwa mwaka mzima.

Niliifungua mifuko hiyo nikiwa peke yangu stoo.

Wa kwanza ulikuwa na unga wa kahawia. Wa pili ulikuwa na unga wa kahawia. Mmoja ulionekana kukolea kidogo kuliko mwenzake, au labda ni mwanga wa dirishani ulioufanya hivyo. Niliinamisha uso juu ya kila mfuko nikavuta pumzi kwa nguvu, kama anusaye, ingawa mle ndani hapakuwa na mtu wa kumdanganya.

Mkwe wangu alikuwa hatua nane kutoka nilipo. Ningeweza kumwita nikamwambia, binti yangu, njoo uninusie. Lakini angeuliza sababu.

Nikakisia. Nikamimina. Nikafunika kwa kifuniko chekundu na cha kijani, nikajifuta mikono.

Kwa kila ndoo ya lita ishirini sisi hutia vikombe viwili kutoka kwenye kopo la kifuniko chekundu, na kijiko kidogo kimoja tu kutoka kwenye lile la kijani. Mkwe wangu alichanganya siku hiyo kama alivyochanganya miaka yote, kwa kufuata rangi za vifuniko. Tofauti ilikuwa moja. Alikuwa amejifunga kitambaa cheupe kuanzia chini ya macho hadi kidevuni.

Mwanangu alizima mashine. Nikachukua kijiko.

"Leo utaonja peke yako, Mama," mkwe wangu alisema nyuma ya kitambaa. "Ikiwa bado laini hivi siwezi. Itarudi yote."

Nikaweka kijiko kinywani. Utamu. Ubaridi. Na nyuma kabisa ya ulimi, uchungu mwembamba ambao sikuwahi kuukuta hapo awali.

Nikamtazama mkwe wangu. Nikaona macho mawili na kitambaa.

"Vipi, Mama?" mwanangu aliuliza.

Ningesema sijui. Ni neno jepesi, hata mtoto wa darasa la kwanza hulitamka pasipo taabu. Mimi lilinishinda.

"Imepita," nilisema.

Nikachora duara la chaki kwenye kifuniko. Nikalichora kwenye ndoo ya pili, ya tatu, hadi ya sita. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Siku ya kwanza ya mauzo, mkunga alikuwa wa kwanza kaunta, kama kawaida yake.

"Mwenzangu," alisema, akikilamba kijiko pande zote mbili, "mwaka huu mmeitia makali. Inanipanda hadi masikioni."

"Ni mbaya?"

"Nani kasema mbaya? Nifungie lita nzima, na usinipimie kwa jicho la husuda."

Kinyozi alifuata. Akaonja, akakunja uso, kisha akatema ndani ya kitambaa chake cha mkononi.

"Shemeji, mwaka huu umezidi."

"Kila mwaka unasema nimezidi."

"Kila mwaka nilikuwa natania."

Foleni iliangua kicheko. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Mpeni mzee vanila, hajaacha kunyonya huyo." Wakacheka tena. Kinyozi hakucheka. Alikiweka kikombe juu ya kaunta kikiwa kimejaa, akavuka barabara akaenda zake.

Siku ya pili akaja mama mmoja kurudisha kikombe cha mwanawe.

"Ni chungu," alisema.

"Hii ndivyo ilivyo, dada," mwanangu alimjibu kwa upole. "Wako wanaoipenda, wako wasiotaka kuisikia. Nitakubadilishia, nikupe ya embe."

Hadi mchana walikuwa wamekuja kumi na mmoja. Wote walisema uchungu, na wote walibadilishiwa, wakatoka huku wapenzi wakiwatania. Katika duka jingine lolote, watu kumi na mmoja kulalamika siku moja wangekuwa king'ora. Kwetu sisi walikuwa msimu.

Siku ya tatu asubuhi kinyozi alikuja tena. Safari hii aliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kupakulia maziwa, akiwa bado amevaa aproni yake yenye nywele za watu.

"Leo sikuja kubishana, shemeji."

"Basi umeumwa."

Hakutabasamu. "Tangu nifungue nimenyoa watu watano. Wawili wametetemeka kitini. Mmoja wao akaniomba niuweke wembe chini, eti anaona nyembe mbili. Nimewauliza wamekula nini. Wote wawili ni watu wako."

"Watu wangu kivipi?"

"Wale wanaoipenda."

Kiburi changu kilikuwa na kasi kuliko hofu.

"Umekuja kunifungia duka kwa sababu hupendi karafuu?"

"Nimekuja kwa mlango wa nyuma, shemeji. Ningetaka kukufungia ningepita wa mbele." Akasogea karibu. "Niambie jambo moja tu. Uliionja mwenyewe?"

"Nimeonja kila ndoo ya duka hili kwa miaka thelathini na minne."

"Sikuuliza miaka."

Kabla sijajibu, mkwe wangu aliingia na bilauri ya maji mkononi. Alikuwa amesikia.

"Baba, Mama ameionja," alimwambia. "Mimi nilikuwapo. Ingekuwa na kasoro angeijua kabla haijafika kooni. Wewe humjui Mama."

Kinyozi akamtazama, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Kama ni hivyo, nimekosea," alisema, akatoka kwa mlango ule ule.

Mkwe wangu aliyamaliza maji kwa mkupuo mmoja, akajaza tena. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi kupasuka.

"Joto la leo halina huruma," alisema.

Nikamwambia akapumzike. Nilidhani ni uzito wa mimba.

Saa nane mchana jirani wa mkunga alituma salamu kwamba rafiki yangu hawezi kuinuka. Nilikwenda kwa miguu, mtandio ukiniponyoka njia nzima.

Nilimkuta chumbani kwake, chali, macho yamemtoka. Niliweka kiganja kifuani pake. Moyo ulikuwa ukienda mbio kama unaokimbizwa. Juu ya meza ndogo lilikuwapo kopo letu la lita moja, limekombwa hadi chini.

"Mwenzangu," alininong'oneza, "waambie hao watu watoke ukutani."

"Ukutani hapana mtu."

"Wamezivaa kofia zangu zote. Yule mnene ameivaa ile ya harusini."

Wakati mwingine wowote ningecheka. Nilimnywesha maji, nikamfuta uso, nikakaa. Baada ya muda macho yake yalitulia, na sauti ikarudi ile ya wodini, sauti iliyowahi kuniamuru nisukume.

"Ni kungumanga," alisema.

"Nini?"

"Hali hii nimewahi kuiona kwa wagonjwa. Kinywa kukauka, moyo kwenda mbio, usingizi usio usingizi, kuona vitu. Kungumanga ikizidi ni sumu. Mmetia kiasi gani?"

"Kijiko kimoja kwa ndoo."

"Si kweli."

Niliiona tena ile mifuko miwili ya kaki, na mwanga wa dirisha juu ya unga.

Akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikutegemea mgonjwa kuwa nazo. "Yule binti asiiguse. Unanisikia? Mjamzito asiitie hata ulimini."

"Hawezi hata kuvumilia harufu yake," nilimjibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikavuta pumzi ya faraja.

Alikuwa ameshageukia ukuta, akiwafukuza watu wa kofia.

Niliporudi dukani nilikuta mlango wa mbele umefungwa na watu wamejaa kibarazani, wapenzi na wapinzani wamechanganyika, kimya. Walinipisha. Hakuna aliyenisalimu.

Ndani alikuwapo bwana afya, kijana mwenye adabu, daftari lake liko juu ya meza yetu ya kuonjea. Mbele yake yalisimama makopo mawili, yamefunguliwa. Mwanangu alikuwa ameegemea mashine kama mtu anayeogopa kuanguka. Mkwe wangu ameketi juu ya kreti la maziwa.

"Shikamoo, Mama," bwana afya alisema. "Samahani kwa kuingia ukiwa haupo. Watu sita wako hospitalini tangu asubuhi. Nimeyanusa makopo haya. Lenye kifuniko chekundu ni kungumanga tupu, na mwanao ananiambia hilo ndilo la mdalasini, linalotiwa vikombe viwili kwa ndoo."

"Marahaba," ndilo neno pekee lililonitoka.

"Nani huchanganya?"

"Mimi," mkwe wangu alijibu.

"Na nani aliyajaza makopo?"

Nilikisikia kijokofu cha kaunta kikinguruma.

"Mama alijaza," mkwe wangu alisema, "lakini kosa si lake. Mama hakosei kwa pua wala kwa ulimi. Baada ya yeye kujaza, mimi niliviosha vifuniko nikavirudisha. Lazima nilivibadilisha. Siku hizi kichwa changu hakitulii."

"Una hakika, dada? Umekumbuka, au umefikiria tu?"

"Mama aliionja ikapita. Kwa hiyo ndoo zile za kwanza zilikuwa salama, na kosa limeingia baadaye, mikononi mwangu. Haliwezi kuwa kwingine."

Mwanangu alijikwamua kutoka kwenye mashine. "Mke wangu, kumbuka vizuri."

"Nimeshakumbuka."

Bwana afya alikuna paji la uso kwa kalamu. "Nikiandika hivyo, kesho utasimama mbele ya hakimu. Na hali hiyo uliyo nayo. Unalielewa hilo?"

"Naelewa."

Kisha mkwe wangu akanigeukia mimi, akatabasamu kwa midomo ile iliyopasuka. "Usiogope, Mama. Watu wanakuja hapa kwa ajili ya ulimi wako. Ulimi wako uko salama."

Wasomaji wangu, nakiri: nilinyamaza.

Nilimtazama kijana yule akiandika. Mstari wa kwanza. Mstari wa pili. Nilikuwa nahesabu moyoni, kama nihesabuvyo kijiko kikiwa kinywani, na katika moja hadi saba sikuwaza juu ya mkwe wangu wala mjukuu wangu. Niliwaza juu ya wanawake wa mtaani wakisema kwamba yule mwonjaji hakuwa akionja kitu.

Bwana afya akalizungusha daftari, akampa kalamu. Mkwe wangu akainama kwa shida, tumbo likimzuia kuifikia meza.

"Usitie sahihi," nilisema.

"Mama, acha tu."

"Hukubadilisha vifuniko. Niliyekosea ni mimi, nilipokuwa namimina. Sikuweza kunusa. Sina pua, binti yangu. Sina hata ulimi."

Mwanangu alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekosa la kufanya. "Mama, unasema nini? Juzi tu ulisema vanila imezidi, na kweli ilikuwa imezidi."

"Mke wako alipandisha nyusi."

Kicheko kikakatika.

Nikawaeleza yote, nikiwa nimesimama wima, kama tulivyofundishwa kusimama mbele ya mwalimu mtu akiwa na kosa. Homa. Macho nusu. Mifuko ya kaki. Kitambaa. Bwana afya aliacha kuandika katikati.

Nilitegemea mkwe wangu angelia, au angepandwa na hasira. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza polepole, kama apimaye unga.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu ile homa."

"Miaka miwili."

"Miaka miwili."

"Na hii ya msimu? Siku ile nilikuwa nimejifunga uso."

"Ndiyo."

"Lakini ulisema imepita."

"Nilisema."

Mkono wake ulishuka taratibu hadi kwenye tumbo, ukakaa hapo.

"Nimeila," alisema.

Nilidhani sikumsikia. "Wewe? Hukuweza hata kusogelea kopo."

"Ikishaganda haina harufu. Ndicho kitu pekee kilichokaa tumboni mwangu wiki hii. Niliona haya kukwambia kwamba nachota ndoo ya dukani." Alimeza mate ambayo hayakuwapo. "Vikombe vitatu kwa siku, tangu tulipoanza kuuza. Uchungu niliusikia, nikasema ni kinywa cha mimba. Jana moyo ulipoanza kunienda mbio nilijiambia kwamba aiskrimu haiwezi kuwa. Mama ameipitisha."

Bwana afya alilifunga daftari bila kulitazama. "Gari langu liko nje," alimwambia mwanangu. "Msaidie aamke, taratibu. Haraka, lakini taratibu."

Mwanangu alimwinua mkewe kama anayeinua kitu cha kioo. Nilichukua mtandio wangu, nikachukua chupa ya maji, nikawafuata hadi mlangoni. Mtu pekee aliyeijua mimba ile tangu siku ya kwanza alikuwa kitandani kwake, akizungumza na ukuta, na aliyemlaza pale ni mimi.

"Mama abaki," mkwe wangu alisema.

Hakupandisha sauti. Katika miaka sita hakuwahi kuniamuru jambo, hata kumsogezea chumvi. Nilisimama pale pale nilipokuwa.

Watu wa kibarazani wakagawanyika kuwapisha. Kinyozi ndiye aliyefungua mlango wa gari. Mwanangu aliingia akakaa kando ya mkewe, akaufunga mlango, na hakunitazama.

Gari liliondoka. Halijafika mbali likasimama, na kioo cha nyuma kikashuka kiasi cha kiganja. Nilikimbia, mimi na umri wangu huu, nikadhani wananiita nipande.

Mkwe wangu alikuwa akitazama mbele.

"Mtoto hajacheza tangu jana mchana," alisema. "Nilidhani amelala."

Kioo kikapanda.